Mdiria asiyejua samaki

Mwanangu,

Ile picha yako ya ndege nimeikuza kwenye simu mpaka imebaki vumbi tupu, na bado nakwambia huyo sio mdiria wa mtoni. Najua utabisha, buluu ileile, tumbo la chungwa lilelile, ila hebu angalia juu ya jicho. Yule wa mtoni kofia yake ya buluu inashuka mpaka kwenye jicho, huyu wako imeishia juu, katikati pamebaki mstari wa chungwa, alafu shavuni ana zambarau kama kapakwa wanja ukafutwa vibaya. Huyo ndo mdiria mdogo wa msituni, sentimita 12 hivi toka mdomo mpaka mkia. Yupo mwingine mdogo zaidi, wa misitu minene ya Afrika ya kati na magharibi, lakini huyo paji lake jeusi, sio wako.

Mdomo mweusi usikusumbue, bado mtoto, akikua unageuka mwekundu.

Umeniuliza mbali na maji anafanya nini. Baba, huyo na samaki hawajuani kabisa! Kazi yake panzi, buibui, saa nyingine kamjusi. Anakaa kwenye kijiti cha chini, kimya, unampita hivihivi, mara kashuka kwenye majani makavu karudi palepale na panzi mdomoni, anambamiza kwenye tawi mpaka atulie ndo anameza. Kwa hiyo usimtafute ndege, tafuta kijiti. Kutaga anachimba shimo kwenye ukingo wa udongo, au kwenye kichuguu, hata ubavuni mwa shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, anaingia tu.

Wakati wa kuhama wanasafiri usiku, na wanajibamiza sana kwenye vioo vya nyumba zenye taa. Mimi ndo nilivyomjua, asubuhi nafungua mlango nakuta kadondoka barazani, nikajua kafa, nikamweka kwenye boksi la viatu huku nikimkagua ule mstari wa juu ya jicho, nikaendelea na kazi zangu, baadae nasikia boksi linakwaruzwa. Kufunua tu, kanipita sikioni kama jiwe la manati, "tsip" moja, kaenda.

Hiyo taa ya dirishani kwako uwe unazima usiku. Na ukikiona kile kijiti kipige picha unitumie, hata kama mwenyewe hayupo.

Mama yako