Shukrani kwa mhimilishaji aliyeokoa seli zangu

Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni juu ya Theileria parva, kijidudu kinachoenezwa na kupe na kuwaletea ng'ombe ndigana kali. Kikiingia ndani ya chembe nyeupe ya damu, huifanya igawanyike bila kukoma, mithili ya saratani. Vichupa 42 vya seli hizo, jasho la miezi 14, nilivihifadhi kwenye mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Ijumaa jioni nilikuta nitrojeni imebaki kidogo mno chini ya mtungi. Mzigo mwingine ungefika Jumanne.

Rafiki akanipa namba ya kaka mmoja anayehimilisha ng'ombe vijijini, yaani kuwapandikiza mbegu za madume zilizogandishwa kwa nitrojeni hiyohiyo. Hakunijua. Alihamisha mbegu zake zote za madume kwenye mtungi mmoja, akaufunga ule wa pili nyuma ya pikipiki, akaja usiku uleule. Kabla ya kumimina alifungua madirisha yote, maana nitrojeni hufukuza hewa ya oksijeni chumbani, akanivalisha glavu zake nene. Jumapili alirudi na kijiti, akapima kina, akaongeza tena. Fedha alikataa, hata ya mafuta.

Ndugu watafiti, wafahamuni wahimilishaji wa wilaya zenu kabla hamjafikwa, nanyi mkiwa na akiba wagawieni.

Kaka, jana nimeyeyusha kichupa cha kwanza. Nimechungulia kwenye hadubini: seli ziko hai, zinagawanyika. Ahsante sana.