Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wapenzi wa Pikipiki za Zamani, Tanga

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, Assalaam aleykum, Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kamati ilikutana kila robo mwaka, tulipeleka pikipiki tatu Nane Nane, tulitembelea shule mbili, tulimzika mwenzetu mmoja na kuwajulia hali wagonjwa. Anayetaka undani atamwona katibu.

Nitumie muda wenu kwa jambo lililosemwa sana vijiweni, mara nyingi mimi nikiwa sipo: BSA Bantam ya chama, ile pikipiki ndogo ya zamani ya Kiingereza, na kwa nini iko nyumbani kwangu.

Mnakumbuka ilivyotufikia kutoka shamba la mkonge. Injini imeganda, tangi limejaa kutu, nusu ya spoki zimekatika. Ikakaa gereji ya mjini zaidi ya mwaka huku tukilipia, na kazi iliyoonekana ni kufunguliwa madigadi tu. Kisha likaja pendekezo, na baadhi yenu mkaliunga mkono: injini itupwe, ifungwe ya bodaboda ya Kichina ya cc 150, tuanze kuipanda mara moja. Nililikataa. Kamati ilikuwa na akidi siku hiyo, muhtasari upo, na leo ningelikataa tena.

Bantam ilianza kutoka kiwandani Birmingham mwaka 1948. Injini yake ya cc 123 imenakiliwa kutoka pikipiki ya DKW RT 125 ya Ujerumani, ambayo michoro yake ilichukuliwa na washindi kama fidia baada ya Vita Kuu ya Pili. Michoro hiyohiyo ndiyo iliyozaa Harley-Davidson ndogo za Marekani, na ndiyo iliyoigwa na Yamaha kwenye pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955. Waingereza wao waliigeuza kama sura kwenye kioo, ili gia ikae mguu wa kulia kama walivyozoea. Ndiyo maana vijana wetu wakiipanda hukanyaga gia wakidhani ni breki. Injini ya Kichina gia yake iko kushoto. Kuifunga kungetulazimu kukata vishikizo vya fremu na kuhamisha breki, na fremu ya umri ule ukishaikata umeipoteza. Tungebaki na bodaboda yenye tangi la kizee.

Nikaichukua nyumbani. Wanaosema nimejimilikisha mali ya chama wajue kadi iko kwa mhazini, na jina lililoandikwa ni la chama. Nyumbani nina baraza lenye paa, nina jiliwa, na nina spana za Whitworth, yaani za vipimo vya zamani vya Kiingereza, alizoniachia marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli. Hili la spana si dogo. Nati za Bantam si za milimita, na kule gereji zilikuwa zinalazimishwa kwa spana za milimita hadi pembe zikalika. Nimezibadilisha moja moja.

Pistoni niliiloweka kwa dizeli wiki kadhaa, nikiigonga taratibu kwa kipande cha mti mpaka ikaachia. Silinda ilikuwa na mikwaruzo, ikapelekwa kwa mkereza vyuma ikachongwa kufikia saizi inayofuata, na pistoni ya saizi hiyo ikaagizwa Uingereza, ambako vipuri vya Bantam bado vinatengenezwa. Mjumbe mmoja alihoji kwa nini tulinunua pia sili (mipira ya kuziba hewa) na beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilhali injini ilikwishaanza kuzunguka. Nilimjibu, na nawajibu nyote. Injini ya aina hii hulainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Mchanganyiko huo huingia kwanza chumba cha krenki, ukabanwa humo, ndipo upande kwenye silinda. Sili iliyokauka huvuta hewa ya nje, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, injini inachemka, na pistoni inaganda upya. Fedha yote ya silinda ingekuwa imemwagwa baharini.

Tangi limesafishwa kwa siki na mnyororo, likaoshwa kwa magadi. Rangi ya asili, kijani mpauko, bado ipo upande mmoja, na nimezuia isipigwe nyekundu.

Mwezi wa Novemba ikawaka. Waliokuwepo ni wanachama watatu. Kila Jumamosi ilitangazwa kuwa siku ya kazi, lakini Jumamosi nyingi nilikuwa na mwanangu tu ananishikia tochi. Inauma kuona mtu asiyekuja kushika hata brashi ya waya ndiye anayehoji kila nati.

Na ada. Tuko wanachama 41. Waliolipa shilingi 60,000 kamili ni 13, waliolipa nusu ni 9, waliobaki hawajatoa kitu. Jumla iliyoingia ni 1,050,000. Bantam peke yake imetumia 1,430,000: vipuri vya Uingereza na usafirishaji 690,000, kuchonga silinda na beringi 240,000, spoki, tairi na waya za umeme 385,000, mengineyo 115,000. Ujira wa fundi haumo, kwa kuwa fundi nilikuwa mimi. Pengo la 380,000, achilia mbali gharama za Nane Nane na misiba, nimelitoa mfukoni mwangu na sijalidai. Stakabadhi zote anazo mhazini.

Mwaka ujao tunatarajia kukamilisha taa, kutafuta chumba cha chama ili pikipiki itoke kwangu, na Mungu akijalia tuipeleke Pangani. Zipo pia Honda 50 mbili ambazo wenyewe wameonyesha nia ya kutukabidhi. Tutaangalia hali ya mfuko.

Wanaodaiwa ada wamwone mhazini kabla ya chakula. Kitabu cha stakabadhi kiko mezani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti