Proscribe na prescribe: herufi moja tu, maana mbali kabisa

Juzi kati kaja dada mmoja hapa ofisini na mkataba wake wa kazi ya Dubai, ulishatafsiriwa na mtu mwingine ila roho yake haijatulia, akataka tuupitie tena. Tukafika kwenye orodha ya dawa, juu yake Kiingereza kimeandika "proscribed medicines", tafsiri aliyopewa inasema "dawa ulizoandikiwa na daktari". Tukacheki orodha yenyewe: kodeini, tramadoli, zile dawa kali za maumivu. Na dada wa watu vidonge vya kodeini alishanunua, viko kwenye begi, maana alivyoelewa yeye hivyo ndivyo anavyoruhusiwa kwenda navyo! Kule hizo dawa zina sheria kali, ukikutwa nazo bila kibali ni kesi.

Proscribe ni kupiga marufuku. Prescribe ni daktari kukuandikia dawa, au sheria kuelekeza jambo lifanyike vipi. Kwahiyo ukiona "prescribed by law" ujue ni kama sheria inavyotaka, ukiona "proscribed by law" sheria imekataza. Na kompyuta haikusaidii hapo, haipigi mstari mwekundu kwasababu yote mawili ni maneno sahihi, na mtu akiyatamka haraka haraka husikii tofauti.

Yote yametoka Kilatini, kwenye scribere, yaani kuandika. Prescribe ni kuandika kabla, maelekezo yanatangulia ndo dawa inafuata. Proscribe ni kuandika na kubandika hadharani, mwanzoni hata tangazo la kuuza mali lilikuwa linaitwa hivyo hivyo. Aliyelitia damu hili neno ni Sulla, mtawala wa Roma, mwaka 82 KK. Alibandika majina ya maadui zake pale Forum, uwanja wa mjini ambapo kila mtu anapita, siku ya kwanza watu 80, halafu mamia wengine. Jina lako likiwepo, yeyote anaruhusiwa kukuua na analipwa, hata mtumwa wako, hata mwanao wa kumzaa, na mali zako zinapigwa mnada. Plutarch, mwandishi wa historia wa zamani, anaeleza habari za Quintus Aurelius, mtu mpole asiye na habari na siasa, alienda tu kusoma orodha akakuta jina lake, akasema kinachomponza ni shamba lake la Alba. Hakufika mbali, wakamuua. Na Cicero yule msemaji mkubwa aliuawa mwaka 43 KK kwa orodha ya namna hiyo hiyo.

Ndo maana mpaka leo hili neno ni zito, siyo la kumkataza mtoto asicheze barabarani. Uingereza kwenye sheria yao ya ugaidi ya mwaka 2000 wanalitumia kwa vikundi vilivyopigwa marufuku, na ukiwa mwanachama tu ni kosa la jinai.

Sisi mkataba ukiingia tunaanza na vifungu vya makatazo kabla hata ya mshahara, watu wawili tofauti wanavisoma, halafu tunakaa na wewe mezani tunakusomea kimoja kimoja kwa Kiswahili mpaka uelewe. Njoo na ile ya Kiingereza yenyewe, usilete tafsiri peke yake, na njoo kabla hujasaini tafadhali. Yule dada alirudi hospitali akabadilishiwa dawa, begi akalipanga upya.