Kwa wanajiolojia vijana: isimulieni wenyewe habari ya Koobi Fora

Wanangu,

Nawasikia mkiwajibu wanaosema dunia ina miaka elfu sita, na mara nyingi mnawajibu kwa kejeli. Mtu anauliza umri wa mwamba unapimwaje, anaambiwa akasome kwanza. Huyo hamkumjibu, na anarudi kwao na hakika kwamba wasomi wana kiburi tu.

Maswali mengi ni mepesi. Anayesema kupima umri kwa kaboni hakufiki mamilioni ya miaka, mkubalieni, maana ni kweli. Nusu ya kaboni-14, ile kaboni ya mnururisho iliyomo kwenye mabaki ya viumbe, huoza kila miaka 5,730 hivi. Ikipita miaka 50,000 karibu hakuna kinachosalia cha kupimwa. Umri wa dunia, miaka bilioni 4.5 na ushei, mwanakemia wa Marekani, Clair Patterson, aliupata kwa kupima madini ya risasi yaliyomo kwenye vimondo, akautangaza mwaka 1956.

Swali linalowafanya mjiumeume ni la yale majivu ya volkano ya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, yanayoitwa KBS. Yalipimwa kwa argoni, gesi inayojikusanya ndani ya mwamba kadiri potasiamu yake inavyooza, na sampuli ya kwanza ilisoma zaidi ya miaka milioni 200. Wapimaji wakaikataa, wakaomba nyingine, wakapata milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaona vipande vya fuvu la binadamu wa kale, lile la namba 1470, chini ya tabaka hilo, na tarehe ile ikalipa sifa dunia nzima. Wapinzani wenu husema: mnaona, namba wasiyoipenda huitupa.

Basi isimulieni ninyi kabla yao, na msiikatishe njiani. Majivu yale yalisombwa na maji yakachanganyika na chembe za miamba ya kale. Mchele ukipimwa pamoja na mawe yake, mizani haijadanganya, ila huo si uzito wa mchele. Hata ile milioni 2.6 haikuangushwa na wahubiri. Waliotia shaka ni watafiti wa visukuku vya nguruwe, walioona nguruwe wa Koobi Fora wanafanana na wa bonde la Omo, Ethiopia, waliotoka kwenye tabaka changa zaidi. Watu walibishana miaka, wengine kwa hasira, hadi maabara mbalimbali, kwa njia mbalimbali, zilipokutana karibu na milioni 1.9. Richard Leakey, aliyeongoza utafiti wa Koobi Fora na kuitetea tarehe ile ya zamani, ikabidi akubali.

Tofauti waliyoigombania ilikuwa kama miaka laki saba. Hakuna upande uliokaribia elfu sita.

Midahalo ya jukwaani ikwepeni. Pale mwenye sauti ndiye hushinda. Ila vijana wa kanisani wakiwaita, nendeni, mbebe mawe na lenzi, wayashike wenyewe. Mkiulizwa kama Mungu yupo, semeni argoni haipimi hilo. Mimi husali kila Jumapili na sijaona mwamba uliokereka.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa jiolojia