Mabati ya Zahanati, kwa Kumbukumbu ya Dk. Matthew

Ndugu zetu wapendwa wa Eldoret,

Bwana asifiwe. Tunaona haya kubisha hodi tena, maana mwaka haujaisha tangu mtununulie vitanda sita vya zahanati ya kanisa. Vitanda vipo. Ila vyote tumevisukuma ukuta mmoja, vimebanana, kwa sababu upande wa pili mabati yameliwa na kutu. Juzi mvua ilipokuwa ikikatika na kurudi usiku kucha, mama aliyejifungua mchana wake alikesha akimkinga mtoto kwa beseni.

Aibu hii inatuuma zaidi kwa kuwa sisi ni watu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, alikozikwa Dk. Matthew Lukwiya. Wazee mnamkumbuka, vijana tuwakumbushe. Hakuwa askari, lakini alitibu watu katikati ya vita. Ijumaa Kuu ya 1989 waasi walifika Hospitali ya Lacor, hapa Gulu alikofanya kazi, kuteka masista wa Kiitaliano. Akajitoa achukuliwe yeye, akakaa mikononi mwao wiki nzima. Na alikuwa Mprotestanti katika hospitali ya Wakatoliki, tunalisema hili kwa wale wanaouliza pesa zetu zinamtibu mtu wa dhehebu gani.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala, akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi, akakesha na mafaili ya wagonjwa, akashuku Ebola kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha. Uganda nzima waliugua watu 425, wakafa 224.

Usiku mmoja wa Novemba muuguzi aliyelazwa aliinuka kitandani akivuja damu, akili zimeruka. Daktari akakimbilia huko na gauni, barakoa na glovu. Miwani ya kinga hakuvaa. Inaaminika ndipo alipoambukizwa. Desemba 5 alifariki, umri miaka 43, akaacha mjane na watoto watano. Akazikwa siku ile ile palepale Lacor, karibu na kaburi la Dk. Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji aliyeijenga hospitali hiyo pamoja na mumewe; waliombeba walijifunika toka kichwani hadi miguuni.

Basi tunaomba mabati 48 ya geji 28, mbao, misumari, na miwani ya kinga kwa wauguzi wetu wawili, ambao hawana hata moja. Mabati 17 tumeshanunua kwa ufuta wa shamba la kanisa. Fundi ni muumini, halipwi. Wapo wetu wenye nyumba za vigae mjini ambao tangu Pasaka wanaahidi tu, hatuwataji, wanajijua.

Harambee ni Jumapili ya kwanza baada ya Desemba 5. Kila shilingi itakatiwa risiti na hesabu itasomwa kanisani. Michango mkabidhini mweka hazina wenu kama mlivyofanya safari ile.

Mwenye bati lililobaki kwenye ujenzi wake, hata la rangi nyingine, tunalipokea. Malori ya Juba yanapita kwenu kisha kwetu, na dereva mmoja mwenzetu amekubali kubeba bila nauli.