Risala ya Watafiti Chipukizi kwa Mgeni Rasmi kuhusu Sayansi Huria

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walezi wetu wa kitaaluma,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tuna jambo moja la kukueleza, nalo ni sera za sayansi huria, yaani zile zinazotaka makala na data za utafiti ziwe wazi kwa kila mtu bila malipo.

Mheshimiwa, sera hizi tunaziunga mkono kwa dhati. Januari 2020 mfuatano wa jeni za kirusi kipya cha korona uliwekwa hadharani, na Machi mwaka huohuo majaribio ya chanjo kwa binadamu yakaanza. Data ile ingesubiri jarida, tungepoteza miezi, na kila mwezi ulikuwa na misiba yake. Ndiyo maana tulifurahi nchi wanachama wa UNESCO zilipopitisha Pendekezo la Sayansi Huria, Novemba 2021.

Kinachotuumiza ni gharama. Zamani msomaji ndiye aliyelipia jarida. Siku hizi mara nyingi anayelipa ni mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua njia hiyo mwaka 2021 liliweka ada ya yuro 9,500 kwa makala moja. Mpango wa wafadhili uitwao Plan S, uliotangazwa mwaka 2018, unataka ada ilipwe na mfadhili au taasisi, asibebeshwe mtafiti. Ni jambo jema, ila sisi wengi hatuna mfadhili. Makala za wenzetu tunazisoma bure, zetu hatuna uwezo wa kuzichapisha humo.

Liko pia suala la data. Kuiandaa ili mgeni aielewe ni kazi ya majuma: kufafanua kila safu ya jedwali, kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mshiriki aliyetuamini. Kazi hiyo kamati za kupandisha vyeo huwa haziihesabu; zinahesabu makala. Basi mtafiti kijana akisita kuachia data yake, akihofia mwingine atawahi kuchapisha, tafadhali asiitwe mchoyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie haya kwa watunga sera: kila agizo la kuchapisha kwa uwazi liambatane na fungu lake la fedha, hazina za makala zisizotoza ada ziimarishwe, na data iliyoandaliwa vizuri ihesabiwe mtu anapoomba cheo.

Tunaomba kuwasilisha.