Taa ya sahani zilizovunjika

Munich

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Huku tu wazima, ila baridi haitaki kuondoka.

Uliniuliza ile taa niliyokutumia picha ni kitu gani, na mtu mwenye pesa zake anatundikaje vyombo vilivyovunjika juu ya meza ya chakula. Habari yenyewe ndefu, ndiyo maana naandika.

Inaitwa Porca Miseria! na ni ya mwaka 1994, kazi ya Mjerumani Ingo Maurer, mbunifu wa taa. Ni sahani na vikombe vyeupe vya kauri. Vingine huangushwa sakafuni, vingine hupigwa nyundo, kisha vipande hushikizwa kimoja kimoja kwa mkono, na uma na vijiko vikichomoza humo humo. Ukisimama mlangoni utadhani kabati la vyombo limelipuka. Mwanzo Maurer aliiita Zabriskie Point, kwa ajili ya filamu ya mwongozaji Mwitaliano Antonioni ambayo nyumba inalipuliwa mwishoni. Waitaliano walipoiona Milano wakamaka, "Porca miseria!", yaani kama kusema "Balaa gani hili!", naye akalichukua hilo liwe jina.

Sasa, mimi ndiye ninayeifuta vumbi pale kazini, juu ya ngazi, na brashi laini mkononi. Mgeni aliyekaa mezani anaona fujo. Mimi huko juu siioni. Kipande chenye ncha kimetazamishwa nje, kilichobonyea kimegeuziwa balbu kipokee mwanga, na kati ya kimoja na kingine pameachwa upenyo wa makusudi. Brashi yangu inapita kila mahali bila kukwama.

Nilipojua alikotoka huyu mzee, nikaelewa. Alizaliwa 1932 katika kisiwa cha Reichenau, Ziwa Konstanz, mtoto wa mvuvi. Hakusomea umeme wala ufinyanzi, bali kupanga herufi za chapa, halafu usanifu wa michoro hapa hapa Munich. Mpanga herufi anahangaika na nafasi tupu kuliko hata na herufi zenyewe, na kwangu mimi taa hii imepangwa na mtu wa namna hiyo. Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akafanya kazi New York na San Francisco, akarudi 1963. Taa yake ya kwanza, Bulb, ni ya 1966: balbu ndani ya balbu kubwa ya kioo. Wazo lilimjia Venice, amejilaza kwenye chumba cha wageni, anaikodolea macho balbu tupu ya darini. Amefariki 2019, lakini kituo cha treni cha Westfriedhof hapa Munich bado kinawaka makuba yake makubwa ya taa za buluu, nyekundu na manjano. Ukija nitakupeleka, nauli juu yangu.

Bei ya hiyo ya sahani usiniulize. Hutengenezwa chache, na hakuna mbili zinazofanana.

Shemeji akitaka kweli kujaribu ya kwenu kwa vyombo vibovu vya mkahawani, ndoano aifunge kwenye zege, asithubutu kwenye jipsamu, maana kauri ni nzito. Kutoboa atumie keekee ya almasi na maji, kingo azisage, na balbu iwe ya LED isiyochemka. Nitumie urefu wa dari na ukubwa wa meza, nikuchoree.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura